Kombe la 1968 na kocha aliyemezwa na mkwaju mmoja

Don Fox, mchezaji wa raga wa Wakefield Trinity, anaupanga mpira mbele kabisa ya milingoti. Ni Mei 11, 1968, uwanjani Wembley, na nyasi zimejaa maji kiasi kwamba mchezaji akianguka anateleza mita kadhaa kabla ya kutulia. Leeds wana pointi 11, Wakefield Trinity wana 10. Trai, yaani mpira kugusishwa chini nyuma ya mstari wa wapinzani, imefungwa sasa hivi, chini ya milingoti, na mkwaju wa ziada una pointi mbili. Muda umekwisha. Ukiingia, Kombe la Challenge ni la Wakefield.

Pale mpira ulipo, mtoto wa shule angefunga.

Fox anapiga. Mpira unachepuka kulia.

Anapiga magoti kwenye maji, kichwa chini. Eddie Waring, mtangazaji wa BBC, anabaki kumhurumia hewani kama jirani aliyefika msibani.

Video hiyo, ya rangi nyeusi na nyeupe, ilitupwa kwenye kundi letu la WhatsApp la mashabiki wa raga baada ya mpigaji mmoja wa hapa Nairobi kukosa mkwaju rahisi. Ilikusudiwa kuwa kichekesho. Watu wakaweka vikaragosi vya kucheka, mada ikahamia kwingine. Mimi nikabaki nayo wiki nzima, halafu wiki nyingine, bila kujua hasa ni nini kinachonikera.

Mwanzoni nilidhani ni Fox. Kumbe haikuwa Fox peke yake.

Mchezo ule mwingine

Sisi tuliolelewa na Safari Sevens, mashindano ya raga ya Nairobi, na uwanja wa Barabara ya Ngong tunaijua raga ya wachezaji 15 na ile ya saba. Ile ya 13 hatuna habari nayo. Ni mchezo wa kaskazini mwa Uingereza, wa miji ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo, uliojitenga mwaka 1895 kwa sababu wachezaji vibarua walitaka kufidiwa mshahara wa siku walizokosa kazini, na mabwana wa chama wakakataa. Kombe la Challenge lilianza msimu wa 1896-97, mtoano, ukifungwa unarudi nyumbani. Tangu 1929 fainali ikawa inachezwa Wembley, na kwa watu wa kule safari ya kwenda London ikawa kama hija ya kila mwaka.

Siku ile ya 1968 waliingia watu 87,100.

Nimetaja vibarua kwa makusudi. Fox alitoka Sharlston, kijiji cha wachimbaji makaa karibu na Wakefield. Kwao raga ilikuwa kazi ya familia: kaka yake Peter alicheza kisha akawa kocha mkubwa, na mdogo wake Neil akawa mfungaji wa pointi nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya mchezo huo, pointi 6,220. Don mwenyewe ndiye anayeshika rekodi ya trai nyingi zaidi katika klabu ya Featherstone Rovers, alikocheza zaidi ya miaka kumi kabla ya kuhamia Wakefield.

Sasa fikiria. Mpigaji wa kawaida wa Wakefield alikuwa Neil. Neil aliumia, akaikosa fainali. Kazi ya mikwaju ikamwangukia Don. Na Don hakuwa mbahatishaji, maana mikwaju miwili aliyofunga mapema siku hiyohiyo, kwenye dimbwi lilelile, ndiyo iliyoiweka Wakefield mchezoni.

Kuna jambo jingine ambalo video fupi za mtandaoni hukata. Waandishi wa habari za raga humchagua mchezaji bora wa fainali na kumpa tuzo ya Lance Todd, na kura zao huwa zimeshapigwa kabla ya kipenga cha mwisho. Mwaka huo walimchagua Don Fox. Yaani mtu aliyecheza vizuri kuliko wote 26 waliokuwa uwanjani ndiye dunia inayemjua kwa kushindwa. Habari za tuzo alipewa mbele ya kamera, na mtangazaji David Coleman wa BBC, akiwa bado amelowa chapachapa. Ukiutazama uso wake unaona kwamba haikumsaidia kitu.

Alifariki mwaka 2008. Taarifa za kifo chake zilianza na ule mkwaju.

Na upande wa pili?

Hapa ndipo swali liliponishika. Kila simulizi ya fainali hii inaeleza Wakefield walivyopoteza. Kama kuna aliyepoteza, yupo aliyeshinda. Nani?

Nikaenda kutafuta kocha wa Leeds. Picha ya kwanza niliyoipata ilinifanya niiweke simu chini.

Roy Francis. Mtu mweusi.

Sikuwa natafuta mtu mweusi. Nilikuwa natafuta jina tu, nikitarajia mzee wa Yorkshire mwenye kofia bapa. Badala yake nikakuta mtu aliyezaliwa Cardiff mwaka 1919, akalelewa Brynmawr kwenye mabonde ya makaa ya Wales, akasajiliwa na klabu ya Wigan akiwa kijana wa miaka 17, na ambaye kufikia 1968 alikuwa amefundisha timu za wazungu kwa zaidi ya miaka 15. Anatajwa kuwa kocha wa kwanza mweusi wa kulipwa katika mchezo wowote wa Uingereza.

Nimefuatilia raga tangu nikiwa kidato cha pili. Jina hilo sikuwahi kulisikia. Niliuliza kwenye kundi. Kimya.

Msimu wenyewe

Ngoja nieleze kilichokuwa kikiendelea mwaka ule, kwa sababu unatugusa kuliko tunavyodhani.

Mwanzoni mwa 1968 ndege zilikuwa zikiondoka Embakasi zimejaa Wahindi wa Kenya. Serikali yetu ilikuwa imepitisha sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara mwaka uliotangulia. Wenye pasipoti za Uingereza wakaona bora waende huko. Bunge la London likaingiwa na hofu, likasukuma kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia. Machi 1 ikaanza kazi: pasipoti ya Uingereza peke yake haikutosha tena, ilibidi wewe, mzazi wako au babu yako awe na asili ya kule. Kila mtu alielewa maana yake.

Aprili 20, mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba yake ya Birmingham dhidi ya wahamiaji, ile iliyofanya wafanyakazi wa bandari ya London waandamane kumuunga mkono.

Wiki tatu baadaye ikaja fainali.

Katikati ya hayo yote, Leeds walikuwa wanapita raundi moja baada ya nyingine. Nusu fainali waliwang'oa Wigan. Francis alikuwa mchezaji wa Wigan ujanani. Meneja mpya alipofika pale, hakumtaka, na Francis akaenda zake klabu ya Barrow. Sijui alijisikiaje siku ya nusu fainali ile, na sitajifanya najua.

Kuna kitu kimoja cha kisheria ambacho sikukitegemea. Mei 1968, nchini Uingereza, kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi yake hakukuwa kosa. Sheria ya ubaguzi ya 1965 iligusa maeneo ya umma tu. Ile iliyoingiza ajira na nyumba ilipitishwa baadaye mwaka huohuo wa 1968. Kwa hiyo siku Francis alipoingia Wembley akiwa bosi wa klabu kubwa ya kaskazini, mwajiri yeyote mtaani angeweza kumwambia "hatuchukui weusi" na polisi wasiwe na la kumfanya.

Alichokuwa akifanya

Nilipoanza kusoma mbinu zake nilijikuta nacheka peke yangu, kwa sababu ni vitu ambavyo makocha wetu huviita vya kisasa.

Vita vilimfanya mwalimu wa mazoezi ya viungo jeshini, na huko ndiko alikojifunza kwamba mwili una kanuni zake. Alipoanza ukocha Hull, miaka ya mwanzo ya 1950, timu nyingi zilifanya mazoezi kwa kuzunguka uwanja tu. Yeye akawakimbiza wachezaji mbio fupi za kasi, hata wale mafowadi wazito. Alitumia filamu kuchambua mechi. Aliongea na mchezaji mmojammoja, akitafuta kinachomkwaza kichwani. Aliona kwamba mchezaji mwenye matatizo nyumbani hachezi, akawa anawaalika wake na familia, anapanga usafiri wao, anawafanya sehemu ya klabu. Hull walichukua ubingwa 1956 na 1958.

Halafu Wembley ikamkataa. 1959 Hull walifungwa na Wigan 30-13. 1960 wakarudi, wakafungwa 38-5.

Na nani? Wakefield Trinity. Siku hiyo mchezaji mmoja wa Wakefield alifunga pointi 20 peke yake.

Neil Fox.

Hapo nilisimama nikatembea chumbani. Francis alibeba kipigo cha Neil Fox kwa miaka minane, akahama Hull akaenda Leeds, akaijenga timu upya, akarudi Wembley kukutana na Wakefield ileile, na safari hii Neil hayupo. Yupo kaka yake. Na kombe likaamuliwa na mguu wa huyo kaka.

Meli ya 1946

Kuna uzi mwingine ndani ya mechi hii, na huu ndio ulionifanya niandike.

Mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha, Uingereza ilipeleka timu ya raga Australia kwa meli ya kivita Indomitable. Francis alikuwa katika kilele chake, winga mwenye kasi. Hakuchaguliwa. Maelezo yaliyobaki miaka yote ni kwamba wakubwa waliogopa kuwaudhi Waaustralia, ambao nchi yao ilikuwa na sera ya kuzuia watu wasio weupe. Aliichezea Uingereza mechi moja tu, dhidi ya New Zealand, 1947.

Nahodha wa ile safari ya Indomitable alikuwa Gus Risman.

Sasa rudi Wembley. Pointi 11 za Leeds zilipatikanaje? Trai moja, yenye pointi tatu enzi hizo, na mikwaju minne. Mikwaju yote minne ilipigwa na fulbeki, mchezaji wa nyuma kabisa, anayeitwa Bev Risman. Mtoto wa Gus.

Sitaki kulipamba hili. Gus Risman hakuandika orodha ya wachezaji wa 1946, na mwanawe hana deni lolote. Lakini mtu aliyeachwa bandarini alipewa kombe lake la pekee la Challenge kwa mguu wa mtoto wa nahodha aliyeondoka na meli. Ningelisoma kwenye riwaya ningesema mwandishi amezidisha.

Mashaka yangu

Rafiki mmoja, shabiki wa raga kuliko mimi, niliyemweleza haya yote alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza: "Kwani Mwelshi huyo anakuhusu nini? Angekuwa mweupe ungeandika?"

Nilikasirika kidogo. Baadaye nikaona ana hoja.

Francis hakuwa Mwafrika wa kuja. Alizaliwa Wales, akakulia Wales, lafudhi yake ilikuwa ya mabonde ya Wales. Sina ushahidi kwamba alijiona ndugu yangu kwa namna yoyote. Nikimchukua nikamfanya wetu, nafanya kilekile walichofanya waliomwacha 1946, yaani kuiangalia rangi kwanza halafu mtu baadaye.

Ila jibu la kweli ni hapana, labda nisingeandika. Angekuwa mzee mwenye kofia bapa ningesoma jina lake, nikafunga simu, nikalala. Na hapo pia kuna kitu. Makocha wazungu wa miaka ile, hata wale wa kawaida kabisa, hawahitaji mtu wa Nairobi awatafute usiku. Huyu alihitaji. Miji ya raga ilimjua, sawa, lakini ilichukua hadi 2023 kwa Brynmawr kumsimamishia sanamu, wakati alifariki 1989.

Shaka ya pili ni nzito zaidi, na hii sijaimaliza.

Je, Leeds walistahili?

Trai yao pekee haikuguswa chini na mtu. Refa aliitoa kama adhabu, akiamua kwamba winga John Atkinson alizuiliwa isivyo halali akifukuza mpira. Kwenye maji yale, ambapo kila mtu alikuwa akianguka, kuamua nani amezuia na nani ameteleza ni kazi ya ujasiri mkubwa. Watu wa Wakefield wamelalamika hadi leo. Kwa upande wao, Wakefield walifunga trai mbili, zote za Ken Hirst, ile ya mwisho wakiwa nyuma 11-7, baada ya kuuanzisha mpira tu. Hirst akausukuma kwa mguu, ukateleza, akaufuata hadi chini ya milingoti.

Trai mbili kwa moja, na wenye mbili wakafungwa.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu kwa kanuni za sasa, ambapo trai ina pointi nne tangu 1983. Leeds: trai moja na mikwaju minne, 12. Wakefield: trai mbili na mikwaju miwili, 12.

Sare. Kwa hesabu za leo Don Fox angekuwa anapiga mkwaju wa kushinda, na akikosa hakuna anayepoteza kombe. Angeamka, angejifuta matope, mechi ingeendelea. Hatungekuwa na video.

Niliikodolea macho ile karatasi kwa muda. Kwa sababu hesabu hiyohiyo inayomwokoa Fox inamnyang'anya Francis kombe lake. Siwezi kumtetea mmoja bila kumwibia mwingine. Nilipoanza kuandika makala haya mwezi uliopita nilitaka yawe malalamiko: kwamba aliyekosa mkwaju ameuficha ushindi wa mtu mweusi. Hayawezi kuwa hivyo. Mkwaju ule uliwazika wote wawili kwa pamoja. Wa kwanza alipoteza miaka kumi na mitano ya kazi nzuri kwa sekunde mbili. Wa pili alipata kombe ambalo hakuna anayekumbuka kwamba alilipata, maana kila ukilitaja, mtu anakujibu: ah, siku ile Fox alipokosa.

Wakati mwingine nawaza kama Francis mwenyewe, kocha aliyejali sana kinachoendelea kichwani mwa mchezaji, alimtazama Fox pale chini akaona ushindi au akaona mgonjwa.

Baada ya maji

Francis hakukaa kulifurahia kombe. Mwaka huohuo aliiacha Leeds, na 1969 akawa kocha wa North Sydney, Australia.

Ndiyo, Australia. Nchi ambayo miaka 23 kabla wakubwa wa raga ya Uingereza walimzuia kwenda wakihofia ingemkataa. Safari hii alikwenda kwa mkataba wake mwenyewe. Mapokezi yalikuwa machungu, ubaguzi ulimkuta palepale, na baada ya msimu wa 1970 hakuendelea. Waliomwacha 1946 huenda walidhani hilo linawathibitisha. Mimi naona kinyume: alistahili kupewa nafasi ya kwenda kukutana nalo akiwa na miaka 27 na miguu yenye kasi, si akiwa mtu mzima wa miaka 50.

Leeds walichukua ubingwa wa ligi msimu uliofuata, 1969, kwa timu aliyoiunda yeye, chini ya uongozi wa wengine. Francis alirejea Uingereza, akaifundisha Hull tena, halafu akarudi Leeds na kushinda nayo fainali ya Premiership, mtoano wa mwisho wa msimu, mwaka 1975.

Kuna kijana mmoja aliyeingia Hull mwaka 1961, kocha akiwa Francis. Winga kutoka Cardiff, mweusi pia, jina lake Clive Sullivan. Mwaka 1972 Sullivan aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia nchini Ufaransa, akiwa nahodha. Mkufunzi wake alichezeshwa mechi moja.

Niliweka picha ya Francis kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na ile video, nikaandika tu: huyu ndiye aliyeshinda siku ile. Wawili wakajibu kwa dole gumba. Wa tatu akauliza kama Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba, wanacheza Jumamosi.